Kesi nyeupe ya kioo, miezi saba mezani kwangu Mwanga: sura kali, pua imezibwa

Niweke sawa jina kwanza, maana huku Kigoma lile boksi lote tunaliita CPU, ukimwambia mtu umenunua kesi anakuuliza una shauri gani na nani. Mi nazungumzia ganda la nje la kompyuta tu, yani bati, kioo, plastiki, vitufe, tundu za USB, miguu, na vyote hivyo vimekaaje. Mambo ya prosesa na RAM watu wanayaongea kila siku. Ganda likitajwa linatajwa kama urembo, "dizaini kali", "taa kali", basi imeisha hapo. Ofisi yangu iko mtaa wa Mwanga, hapahapa Kigoma, naediti video za harusi, sendofu na kipaimara, naprinti picha za pasipoti, watu wanaingia na flashi zao kutwa nzima, na mashine iko juu ya meza mita kama nne tu toka mlangoni, mlango wenyewe unaangalia barabara ya udongo. Wanaoijua Mwanga wanajua ule udongo mwekundu kuanzia mwezi wa sita, bodaboda moja ikipita unaliona wingu lake linaingia ndani taratibu kama mgeni aliyekaribishwa.

Niliinunua kwa macho. Nilikuwa kitandani usiku naangalia picha kwenye simu, nikaiona, nyeupe, kioo mbele, kioo ubavuni, feni nne za rangirangi ndani, asubuhi nikampigia mwenye duka Kariakoo nikamtumia hela. Laki mbili na arobaini, na elfu ishirini ya basi. Chapa yake haijulikani, kwenye boksi kuna namba tu na picha, kwa hiyo hata nikitaka kuwatajia jina sina la kutaja, ila zinazofanana nayo zimejaa sokoni na ndo maana naandika, kwa sababu najua kuna mtu saa hizi yuko kitandani anaangalia picha kama niliyoiangalia mimi.

Ilifika salama. Nilikuwa na wasiwasi na kioo kwa safari ndefu kama ile lakini walikuwa wamefunga vizuri, stairofomu nene pande mbili, plastiki juu ya kioo, skrubu kwenye kimfuko chake. Nikaikalia chini kuifunga mwenyewe, usiku kucha, na nikawaza kwamba mji huu una historia na vitu vinavyokuja kwenye maboksi. Meli ya Liemba yenyewe ilitengenezwa Papenburg kule Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapandishwa treni toka Dar, ikaja kuungwa hapahapa Kigoma na kushushwa ziwani 1915. Watu waliifunga meli, mi nikashindwe na boksi.

Sasa nianze na uzuri wake maana upo, siwezi kuuficha. Ni ndogo ya wastani, urefu kama sentimita 45, upana 21, haijajaa meza. Mistari yake imetulia. Kesi nyingi za bei hii zimechorwa kama uso wa roboti amekasirika, pembe huku, mkunjo kule, plastiki inang'aa kama rimu ya bajaji, ukiitazama wiki mbili unachoka. Hii ni boksi tu, kingo zimenyooka, kioo cha mbele na cha ubavu vinakutana kwenye kona bila plastiki kubwa katikati, rangi nyeupe isiyong'aa. Kile nilichokipenda zaidi ni kingo za bati kwa ndani na kwa nyuma, zimekunjwa. Waliowahi kufunga kompyuta kwenye kesi za zamani wanajua, unaingiza mkono kuchomeka waya unatoka na damu. Hapa nimepitisha kidole ukingo mzima wa nyuma hakuna sehemu inayokata. Mtu aliyeamua kukunja ule ukingo ametumia bati zaidi na muda zaidi kwa kitu ambacho hakionekani kwenye picha ya tangazo, na mi namheshimu kwa hilo.

Nimetoka kwenye ile kesi ya ofisi ya zamani, zile zilizokuwa rangi ya maziwa zikageuka njano kama meno ya mvuta tumbaku. Watu wengi wanadhani ile njano ni uchafu wanasugua na sabuni, haitoki, kwa sababu ni plastiki yenyewe imebadilika, ilichanganywa na dawa ya kuzuia isishike moto, na dawa zile nyingi zilikuwa na bromini, mwanga na miaka vikaipiga mpaka ikageuka. Hii mpya mbele ni kioo na pembeni ni bati lililopigwa rangi ya unga, ile inayopulizwa kisha inaokwa, kwa hiyo sitegemei kuiona ikigeuka vile, labda ule ukanda mdogo wa plastiki juu. Mama mmoja alikuja kuchukua DVD ya harusi ya mwanae akasimama anaitazama tu, akaniuliza, "Mwanangu hii ni friji ya soda?" Nikamwambia hapana mama, ndo mashine yenyewe. Akasema basi harusi ya mwanangu imetengenezwa pazuri. Hilo nalo lina thamani, mteja anaona kazi inafanyika mahali panapong'aa anaamini kazi.

Haya, pua.

Wiki ya kwanza nikaweka kazi ya harusi ya masaa manne, nikabonyeza irenda, yani mashine iunganishe video nzima iwe faili moja, nikatoka kwenda kula migebuka. Nilivyorudi feni zinalia kama kinu cha kusaga, nikafungua programu ya joto, kadi ya grafiki nyuzi 88, prosesa 91. Ofisi yangu ina bati juu na dari nyembamba, mchana ndani panafika nyuzi 32, sawa, lakini mashine ileile kwenye lile boksi la njano ilikuwa haifiki huko. Nikafikiri nimekosea kupaka dawa ya prosesa, ile ya kupitisha joto, nikafungua nikapaka upya. Palepale. Nikahamisha meza. Palepale. Siku ya tatu nikang'oa kile kioo cha mbele, kinatoka kwa kuvuta tu, nikakilaza juu ya mkeka, nikarudia kazi ileile. Grafiki 77, prosesa 80, na kelele ikashuka nikaanza kusikia redio ya jirani.

Yani nyuzi kumi na moja zilikuwa zimekaliwa na kioo.

Nikachukua rula. Feni za mbele ziko tatu, kila moja sentimita 12 toka ukingo hadi ukingo, eneo lake ni kama sentimita 113 za mraba, ukitoa kile kitovu cha katikati ambacho hakipitishi hewa inabaki kama 100, kwa hiyo feni tatu zinataka mlango wa sentimita 300 za mraba. Kioo cha mbele ni kizima, hakina tundu hata moja, hewa inaingia kwenye nafasi iliyoachwa kati ya kioo na bati, pande mbili, kushoto na kulia. Nafasi hiyo ni milimita 8, urefu wake sentimita 40. Piga hesabu, 0.8 mara 40 mara 2 unapata 64. Feni zinataka 300 zinapewa 64, hiyo ni kama moja ya tano, na hapo hapo kwenye ile nafasi wameweka chujio la sponji. Ni kunywa uji mzito kwa mrija wa soda. Feni ikinyimwa hewa haikati tamaa, inaongeza mwendo, ndo ile kelele, na hewa bado haiji.

Hapa ndo nikaelewa kwamba uso wa kesi ndo pua yake. Ukiutathmini kama picha ya ukutani umeukosea, kila mstari uliochorwa pale mbele ni uamuzi kuhusu hewa, hata kama aliyeuchora alikuwa anawaza sura tu. Na sisi tunaokaa kwenye vumbi na joto inabidi tuusome uso kwa jicho hilo kabla ya jicho la urembo.

Kitu cha pili kilichonifungua macho kilikuwa nyuma. Mwezi wa nane naigeuza nifute nikakuta michirizi myekundu, mizuri kabisa imenyooka, kwenye zile nafasi za vibati vya kadi na pembeni ya pawa saplai. Nikajiuliza vumbi linaingiaje kwa nyuma wakati feni ya nyuma inatoa hewa nje? Nikakaa nikafikiri nikaona jibu ni lilelile. Kawaida feni tatu zikiingiza na moja ikitoa, ndani kunakuwa na hewa nyingi kuliko nje, hewa inatafuta pa kutokea kwenye kila upenyo, na upenyo unaotoa hewa hauingizi vumbi. Lakini za mbele zikikabwa, ile ya nyuma inazidi nguvu, ndani kunakuwa na upungufu, hewa inaanza kuvutwa kwenye kila ufa, na ufa hauna chujio. Kwa hiyo kile kioo kilichowekwa mbele, ambacho muuzaji aliniambia kwa simu "kaka hiki kinazuia vumbi balaa", ndo kilikuwa kinaniletea vumbi kwa mlango wa uani.

Nisiwe mtu wa kulaumu kioo tu lakini. Kuna kesi za kioo mbele zilizofikiriwa. Lian Li wa Taiwan walitoa O11 Dynamic mwaka 2018, mbele kioo, ubavuni kioo, lakini hewa wameipa milango mingine, chini, juu, na ubavu wa pili ambako feni zinakaa wima, ndo maana ikapendwa mpaka ikaigwa na kila mtu. Walichoiga wengi ni kioo, milango wakaisahau. Na kuna waliofanya uso wenyewe uwe tundu na bado ukawa mzuri, Apple mwaka 2003 walitoa kompyuta ya Power Mac G5, boksi la alumini, mbele yote imetobolewa vitundu vidogo maelfu, ndani feni tisa, na hakuna aliyesema ile ni mbaya. Fractal Design wa Sweden 2017 wakaleta Meshify C, mbele wavu mweusi umekunjwakunjwa kama karatasi, kisha 2022 wakaleta North, hii ndo iliniua kabisa, mbele wameweka fito za mbao, walnut au mwaloni, zimesimama wima zimeachiana nafasi, hewa inapita katikati. Nilivyoiona picha yake nikakumbuka jengo letu la stesheni pale mjini, lile la Mjerumani, reli ilifika hapa 1914, lile jengo lina baraza la matao kule mbele, ukisimama chini yake saa saba mchana upepo wa ziwa unakupitia. Uso wa jengo unavuta hewa, na ndo sehemu ya jengo ambayo kila mgeni anaipiga picha.

North kuagiza mpaka ifike Kigoma ni hela ya pikipiki mbovu. Ila mbao tunazo.

Kuna mzee seremala huku kwetu, mzee mtaratibu anatengeneza vitanda na milango ya mninga, nikaenda na kile kioo na karatasi nimechora. Nikamwamkia, nikamweleza. Akashika kioo akakigeuza akaniuliza, "Sasa mwanangu unataka niondoe kizuri niweke kibao?" Nikamwambia mzee hiki kizuri kinaniunguzia mashine, nataka fito, zisimame, upepo upite. Akauliza unene gani, nikasema milimita nane, nafasi katikati milimita nane. Akatikisa kichwa. "Nane kwa nane itakuwa kama kizimba cha kuku. Fito iwe sita nafasi iwe kumi, alafu ukingo wa mbele nauzungusha kidogo, upepo haupendi pembe kali." Mi sikuwa nimewaza hilo la kuzungusha ukingo. Yule mzee hajawahi kufungua kompyuta, lakini madirisha na milango ya kupitisha upepo ametengeneza maisha yake yote, na mambo ni yaleyale.

Alichukua siku nne. Fito 13 za mninga, fremu nyembamba, amepiga msasa mpaka ukipitisha kiganja kinateleza, akapaka mafuta tu bila vanishi akasema vanishi itapasuka na joto. Kwa nyuma ya fremu nikabandika wavu wa dirishani, ule wa plastiki wa kuzuia mbu, tabaka moja. Kushikilia kwenye kesi tumetumia sumaku ndogo nane, nne kwenye mbao nne zinajishika na bati. Gharama yote elfu thelathini na tano. Nikarudia ile kazi ya harusi: grafiki 79, prosesa 82. Wavu umekula nyuzi mbili ukilinganisha na mbele kuwa wazi kabisa, nimekubali, maana ukiutoa ule wavu ndani ya wiki unaweza kulima mchicha kwenye feni. Na kwa nyuma ile michirizi myekundu imekoma, nimefuta mwezi wa tisa sijaiona tena. Wavu wenyewe nautoa kila Jumapili, napiga maji, naanika dakika kumi umekauka.

Na kwa sura? Nyeupe na mninga zimependana, ule wekundu wa mninga unafanana na udongo wa nje kiasi kwamba vumbi likitua kwenye fito hata halionekani haraka. Wateja wanauliza zaidi ya walivyokuwa wanauliza kioo.

Rangi nyeupe yenyewe niiseme hapohapo. Nyeupe Mwanga ni kazi. Kitambaa kikavu hakitoshi, ukifuta kikavu unaupaka ule udongo unakuwa rangi ya chai ya maziwa, lazima kitambaa chenye unyevu kidogo na uzime kwanza. Watu wanasema nunua nyeusi itaficha, hapana, nyeusi na vumbi jekundu inaonekana mbaya zaidi, nimeiona kwa jirani. Kama ningechagua tena ningetafuta ya kijivu. Na kuna sehemu moja nyuma chini ambapo bisibisi iliniteleza siku ya kufunga ikakwangua rangi, mstari wa sentimita mbili, sasa hivi pana kutu tayari. Hewa ya ziwa hiyo. Nimepaka rangi ya kucha nyeupe ya dada yangu, imeshika.

Taa. Feni nne zote zinawaka rangi zote, kuna kitufe juu cha kubadilisha. Mwanzo nilizipenda. Mvua za kwanza zilivyopiga, jioni kumbikumbi wakatoka, na kumbikumbi wanafuata mwanga, kila mtu anajua, tumekua tunawakamata kwenye beseni la maji chini ya taa. Umeme wa barabarani ulikuwa umekatika, ofisi yangu iko kwenye UPS, kwa hiyo mtaa mzima mwanga uliokuwepo ni ile kesi yangu inameremeta kama harusi. Walikuja. Walijaa kwenye kioo cha ubavu, wengine wakaanza kutafuta upenyo, na hapo ndo niliishukuru ile nyavu ya mbu kuliko siku zote kwa sababu mbele hawakupita, ila juu kesi ina tundu kubwa za kutolea joto na kichujio chake ni cha sumaku kimelegea kona moja, wakaingia kama kumi na tano. Nilizima mashine katikati ya kazi. Mabawa niliyatoa na brashi ya kuchorea kwa saa nzima, mengine yalikuwa yameshaingia kwenye hitisinki, yale mapezi ya chuma ya kupoza prosesa. Toka siku hiyo taa naziwasha mchana tu, mteja akiwepo. Kwa kesi za huku mi nadhani kitufe cha kuzima taa kabisa ni cha lazima kuliko taa zenyewe, na hii kwa bahati inacho, ukikishikilia sekunde tatu zinazimika.

Juu sasa, na hapa ndo nina malalamiko ambayo mbao haiwezi kuyatibu moja kwa moja. Tundu zote za USB ziko juu zinaangalia angani. Mbili za kawaida na moja ya Type-C. Aliyechora alikuwa anawaza mtu anayeweka kesi chini sakafuni, anainama, anachomeka kwa juu. Sawa. Lakini steshenari na ofisi nyingi za huku mashine iko mezani kwa sababu sakafu inadekiwa kila asubuhi na vumbi la chini ndo baya zaidi, kwa hiyo tundu ziko usawa wa kifua cha mteja, na vumbi linashuka toka juu linaingia moja kwa moja, hakuna kifuniko hata cha mpira. Mi tundu moja imeanza kusumbua mwezi wa tano wa matumizi, flashi lazima uikandamize kidogo. Nilipuliza na kompresa ya fundi pancha, nikamwambia apunguze presha kwanza, ikapona nusu. Ile Type-C haijawahi kufanya kazi kwa sababu mazabodi yangu, ule ubao mkuu wa ndani, haina pa kuichomeka, hilo ni juu yangu kutokuangalia, lakini wanaonunua waangalie maana ni tundu nzuri ya kutazama tu.

Alafu kitufe cha kuwashia. Kiko juu, mduara wa chuma, kikubwa, kimekaa vizuri kwenye kidole, mlio wake mtamu. Lakini kiko sentimita tatu toka tundu ya USB ya kwanza na kimelingana na bati, hakijazamishwa hata kidogo. Mteja anachomeka flashi, kiganja kinakaa juu ya kitufe, mashine inazima. Imenitokea mara tatu, mara moja nikiwa nimebakiza dakika nane kumaliza kurenda kazi ya masaa mawili, na yule dada aliyebonyeza aliomba msamaha mpaka nikaona aibu mimi, kosa halikuwa lake kabisa. Nimeingia kwenye mipangilio nimekiambia kile kitufe kisifanye chochote mashine ikiwa imewaka, nazima kwa mausi. Lakini kitufe kilichochorwa vizuri hakihitaji kunyamazishwa. Kingezamishwa milimita mbili tu, au kingewekwa kona ya pili mbali na tundu, yote haya yasingekuwepo.

Kioo cha ubavu kinashikwa na skrubu nne za kukaza kwa mkono, zina mpira ndani, havigusani chuma na kioo, vizuri. Ni kioo cha milimita 4 kile kigumu kilichopikwa kama cha mlango wa gari, ukikigonga katikati hakifanyi kitu. Ila ukingo wake ndo roho yake. Kama ofisi yako ina vigae chini usije ukakisimamisha kwenye kigae hata kwa sekunde, kigae ni kigumu kuliko kioo, kona ikigusa vibaya kioo chote kinageuka punje kama chumvi ya mawe. Mi natandika mkeka kwanza ndo naanza kufungua skrubu, na za juu nazifungua mwisho huku mkono mwingine umekishika. Kizuri ni kwamba kinatoka kwa kulaza nje, kuna kitako chini kinakidaka, hakikuangukii.

Miguu ni mirefu sentimita mbili, raba nzuri haitelezi. Pawa saplai inavuta hewa toka chini kwa hiyo hizo sentimita mbili ni za muhimu, usiweke kitambaa cha mezani chini yake kama nilivyofanya wiki ya kwanza, kile kitambaa cha kufuma alichonipa shangazi, kilifyonzwa kikaziba. Chujio la chini linatoka kwa nyuma, ina maana uivute mashine yote toka ukutani ndo ulitoe. Lingetoka kwa mbele ningelisafisha kila wiki, sasa hivi nalisafisha kwa mwezi mara moja na linakuwa limeshajaa.

Ukiniuliza kwa vile ilivyotoka kwenye boksi naipa tano kwa kumi, na zaidi ya nusu ya hizo tano ni zile kingo zilizokunjwa na utulivu wa mistari yake. Na mninga mbele naipa saba na nusu. Unayetaka kununua za aina hii omba muuzaji akupigie picha ya mbele toka ubavuni, karibu, na rula imewekwa kwenye ile nafasi ya hewa, kama ni chini ya milimita 15 kila upande na hakuna mlango mwingine wa hewa chini wala ubavuni, tafuta yenye wavu mbele hata kama picha yake haikuvutii. Mwambie pia akuonyeshe tundu za USB ziko wapi. Muuzaji anayekataa kupiga picha mbili hizo hata likitokea tatizo hatapokea simu.

Yule mzee amebakiza kipande cha mninga, upana wa vidole vitatu hivi. Nimempelekea vipimo vya pale juu, atengeneze kifuniko kimoja cha kuteleza kinachofunika tundu za USB na kuacha kitufe, nikitaka kuchomeka nasukuma. Kanambia nije Alhamisi.